Springi za gari la barabarani na la mbio za dragi

Springi za gari la barabarani na la mbio za dragi ni springi za chuma zinazofungwa katika gari moja lenye kazi mbili: safari za kila siku katika barabara za kawaida, na mashindano ya mbio za dragi. Mbio za dragi ni mbio fupi za mstari ulionyooka ambamo kwa kawaida magari mawili huondoka pamoja kutoka hali ya kusimama. Umbali uliozoeleka ni robo maili, yaani takriban mita 402, au nusu yake, takriban mita 201.

Kazi hizo mbili zinadai tabia tofauti. Katika dragi gari linatakiwa kuinua pua wakati wa kuondoka na kuyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike lami. Barabarani gari hilohilo linatakiwa kupiga breki bila kuzamisha pua kupita kiasi, kukata kona bila kulala upande, na kubeba abiria na mizigo. Kwa sababu hiyo, kuchagua springi ni kutafuta mapatano kati ya mahitaji hayo. Uchaguzi mzuri huanza kwa kupima uzito wa gari, si kwa kuangalia jina la springi dukani.

Makala hii inahusu hasa magari yenye injini mbele na yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama yale yaliyoenea Marekani tangu miaka ya 1960.

## Historia

Mbio za dragi zilikua Marekani, hasa katika jimbo la California. Kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana walishindanisha magari waliyoyaboresha wenyewe kwenye maziwa yaliyokauka na hata katika barabara za umma. Mwaka 1950 mashindano ya kulipia kiingilio yalianza katika uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA, ambacho moja ya malengo yake ilikuwa kuyatoa mashindano hayo barabarani na kuyapeleka katika viwanja vyenye kanuni za usalama.

Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya washindani waliinua sana sehemu ya mbele ya magari yao ili uzito mwingi zaidi uhamie nyuma wakati wa kuondoka. Baadaye viwanda vya Marekani vilianza kuuza magari ya kawaida yenye injini kubwa, kama Pontiac GTO na Ford Mustang, yote mawili ya mwaka 1964. Mtu aliweza kwenda kazini na gari la namna hiyo siku za juma na kushindana nalo mwishoni mwa juma. Hapo ndipo swali la springi za kazi mbili lilipopata uzito.

## Kanuni ya msingi

Springi hufuata Kanuni ya Hooke, iliyotolewa na mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke katika karne ya 17: kadiri kani inavyoongezeka, ndivyo springi inavyobonyea kwa uwiano uleule. Ikiwa kani ni F, mbonyeo ni x na ugumu wa springi ni k, basi:

F = k × x

Ugumu hupimwa kwa nyutoni kwa kila milimita (N/mm). Springi ya 45 N/mm huhitaji kani ya nyutoni 45 ili ibonyee milimita moja. Watengenezaji wa Marekani hutumia ratili kwa kila inchi. 1 N/mm ni sawa na takriban ratili 5.7 kwa inchi.

Ugumu wa springi ya koili hutegemea mambo manne: aina ya chuma, unene wa waya (d), upana wa koili ukipimwa kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya wa upande wa pili (D), na idadi ya koili zinazofanya kazi (n):

k = G × d⁴ ÷ (8 × D³ × n)

G ni kipimo cha ukinzani wa chuma dhidi ya kusokotwa, ambacho kwa chuma cha springi ni takriban 79,000 N/mm². Kwa waya wa milimita 15, upana wa milimita 120 na koili 7, ugumu ni takriban 41 N/mm. Waya ukinenepa hadi milimita 16 tu, ugumu hupanda hadi takriban 53 N/mm. Tofauti ya milimita moja, ambayo jicho huona kwa shida, imeongeza ugumu kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana springi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

## Kuhama kwa uzito

Gari linapoongeza mwendo, sehemu ya uzito hutoka kwenye magurudumu ya mbele na kuangukia ya nyuma. Kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha masi ya gari, mchapuko na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, kisha kugawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Chukua gari la kilo 1,500 ambalo asilimia 55 ya uzito wake iko mbele: kilo 825 mbele na kilo 675 nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli ni mita 2.75. Gari likiondoka kwa mchapuko wa 0.8 ya ule wa mvutano wa dunia, uzito unaohama ni:

1,500 × 0.8 × 0.5 ÷ 2.75 = takriban kilo 218

Kwa hiyo mbele hubaki kilo 607, na nyuma hufika kilo 893.

Katika hesabu hii ugumu wa springi haupo. Watu wengi hudhani kwamba springi laini ndizo "zinazohamisha uzito", lakini kinachouhamisha ni mchapuko. Springi huamua mwili wa gari utainama kiasi gani, na zikishirikiana na shokomzoba (maarufu kwa mafundi kama shokapu) huamua utainama kwa haraka kiasi gani. Ni kweli kwamba pua ikiinuka, kitovu cha uzito nacho hupanda. Kikipanda sentimita 3 katika mfano huu, uzito unaohama hufika kilo 231. Nyongeza ni kilo 13 tu.

Faida kubwa ya springi zilizochaguliwa vizuri ni utulivu. Tairi za nyuma hupokea mzigo bila mshtuko na hubaki zimekandamizwa mita zote za mwanzo. Hata hivyo springi haiwezi kufanya kazi ya tairi. Ili gari la mfano huu lifikie mchapuko wa 0.8, tairi za nyuma zinatakiwa kushika lami kwa kani ya takriban mara 1.34 ya uzito uliozikalia. Hicho ni kiwango cha tairi laini za mashindano. Kwa tairi zinazoshika kwa kani iliyo sawa na uzito wake, gari hilo halitavuka mchapuko wa takriban 0.55, hata likifungwa springi za bei gani.

## Springi za mbele

Katika magari mengi ya aina hii springi ya mbele haikai juu ya gurudumu lenyewe, bali hukaa kwenye mkono wa chini au wa juu unaoshikilia gurudumu, karibu zaidi na fremu. Gurudumu likipanda milimita 10, springi hubonyea pungufu ya hapo, pengine milimita 6. Uwiano huo, hapa 0.6, hubadilisha hesabu kwa namna mbili. Kani juu ya springi ni kani ya gurudumu ikigawanywa kwa 0.6, na ugumu unaoonekana kwenye gurudumu ni ugumu wa springi ukizidishwa kwa 0.6 mara mbili, yaani 0.36.

Kwa gari la mfano, kila gurudumu la mbele hubeba takriban kilo 412. Kati ya hizo, tuseme kilo 40 ni uzito usiobebwa na springi: tairi, rimu, breki na sehemu ya mikono. Hubaki kilo 372, sawa na nyutoni 3,650. Ikigawanywa kwa 0.6, springi yenyewe hubeba takriban nyutoni 6,080. Iwapo nafasi ya springi gari likiwa limesimama ni milimita 280, springi mbili zinaweza kulinganishwa hivi:

* Springi ya 60 N/mm hubonyea milimita 101, hivyo urefu wake ikiwa haijabanwa ni milimita 381. Ugumu kwenye gurudumu ni 21.6 N/mm. Wakati wa kuondoka pua hupanda takriban milimita 50.
* Springi ya 45 N/mm hubonyea milimita 135, hivyo urefu wake ikiwa haijabanwa ni milimita 415. Ugumu kwenye gurudumu ni 16.2 N/mm. Wakati wa kuondoka pua hupanda takriban milimita 66.

Gari linasimama kwa kimo kilekile kwa springi zote mbili. Springi laini, ikitengenezwa ndefu inavyostahili, haishushi gari. Tena ina akiba kubwa zaidi ya nishati, takriban juli 411 dhidi ya 308, kwa sababu imebanwa zaidi. Hii ndiyo sababu springi za mbele za dragi huwa ndefu na laini kuliko za kiwandani.

Kosa la kawaida ni kutafuta ulaini bila kuangalia urefu. Mtu huchukua springi za gari la umbo lilelile lililotoka kiwandani na injini ndogo, kisha huzifunga chini ya injini kubwa. Springi hizo ni laini kweli, lakini zilitengenezwa kubeba mzigo mdogo. Gari huzama, mkono wa chini hukaribia mpira wa kuzuia, na kila shimo barabarani huwa pigo la chuma kwa chuma.

### Gharama yake barabarani

Mizani inayoinua pua wakati wa kuondoka ndiyo inayoizamisha wakati wa breki. Gari la mfano likipunguza mwendo kwa kiwango kilekile cha 0.8, kilo 218 hurudi mbele. Kama mikono ya mbele haikupangwa kuzuia kuzama, springi ya 60 N/mm huruhusu pua kushuka milimita 50, na ile ya 45 N/mm milimita 66. Ikiwa nafasi hadi mpira wa kuzuia ni milimita 80, springi laini huacha milimita 14 tu za kupokea shimo au tuta litakalokutwa katikati ya breki kali. Springi ngumu huacha milimita 30.

Kwa gari linalotumia barabara za umma hesabu hii ni muhimu kuliko sekunde za uwanjani. Gurudumu lililogonga mwisho wa mwendo wake haliwezi tena kufuata barabara, na usukani wake hupoteza utii wakati dereva anapouhitaji zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, fimbo ya kuzuia kulala upande, ambayo baadhi ya washindani huiondoa mbele ili pua iinuke kwa wepesi, inafaa kubaki katika gari la barabarani. Springi zikiwa laini, fimbo hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi katika kona.

## Springi za nyuma

Nyuma makosa huwa ya upande mwingine. Gari linalokaa chini nyuma wakati wa kuondoka huonekana kana kwamba linashika lami kwa nguvu, lakini kukaa huko ni dalili ya springi kubonyea tu, si ushahidi wa mshiko. Ulaini uliopita kiasi hufanya gari liyumbe, na huondoa nafasi ya kubeba abiria. Kwa springi zenye ugumu wa 20 N/mm kwenye gurudumu, nyongeza ya kilo 80 kila upande, yaani abiria wawili wa kiti cha nyuma na mizigo kiasi, hushusha gari karibu milimita 39.

Magari yenye ekseli moja nzima ya nyuma yana tatizo la ziada. Propela inapozungusha difu kwa nguvu, ekseli nzima hutaka kuzunguka pamoja nayo. Katika magari ya kawaida ya Marekani, gurudumu la kulia hutaka kunyanyuka na la kushoto kukandamizwa, na mwili wa gari huelemea kulia. Gurudumu la kulia likipungukiwa na mzigo, huteleza kwanza. Dawa zilizozoeleka ni kuipa springi ya nyuma kulia mbano wa ziada, kuweka mfuko wa hewa ndani ya springi hiyo ya koili, au kufunga fimbo ya kuzuia kulala upande iliyo imara nyuma. Kampuni ya Chrysler iliwauzia washindani springi za vipande bapa ambazo ya kulia ilitofautiana na ya kushoto kwa sababu hiyohiyo.

Springi za vipande bapa hubeba uzito na pia hushikilia ekseli isisogee. Nguvu ya injini ikiwa kubwa, hujikunja kama herufi S, kisha hujiachia ghafla, na magurudumu huanza kurukaruka. Mruko huo unaweza kuvunja propela au difu. Kuongeza ugumu wa sehemu iliyo mbele ya ekseli, au kufunga vyuma vya kuzuia ekseli isijizungushe, husaidia kuliko kulainisha springi nzima.

## Shokapu

Springi hutunza nishati na kuirudisha. Shokapu huigeuza kuwa joto ili gari lisiendelee kupandashuka. Baadhi ya shokapu za mbele za dragi hulegea sana zinaporefuka na kukaza sana zinapofupika, ili pua ipande haraka na kushuka polepole. Wauzaji huziita 90/10. Hazifai barabarani, kwa kuwa gurudumu lililobonyea kwenye tuta halizuiwi ipasavyo linaporudi chini. Kwa gari la kazi mbili huchaguliwa shokapu zinazoweza kurekebishwa, zilegezwe uwanjani na kukazwa kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Shokapu iliyovikwa springi na kuwa na ringi ya kuzungushwa nayo hueleweka vibaya mara nyingi. Kuizungusha ringi kunapandisha au kushusha gari. Hakubadilishi ugumu wa springi. Ringi ya pembe moja ikipandishwa, mzigo huongezeka katika pembe hiyo na ile inayoitazama kwa mshazari, na kupungua katika zile nyingine mbili. Baada ya marekebisho gari linafaa kupimwa upya.

## Hatua za kuchagua

1. Kupima uzito wa gari kwenye kila gurudumu, likiwa na mafuta na dereva. Kadirio la kitabu halitoshi ikiwa injini, betri au viti vimebadilishwa.
2. Kutoa uzito usiobebwa na springi.
3. Kupima uwiano wa mwendo wa springi na gurudumu kwa kulipandisha gurudumu kidogo springi ikiwa imetolewa.
4. Kuamua kimo cha gari, na kupima nafasi ya springi katika kimo hicho.
5. Kuchagua ugumu, kisha kukokotoa urefu wa springi ikiwa haijabanwa.
6. Kuhakikisha kwamba gurudumu likifika mwisho wa mwendo wake wa juu koili hazigusani, na likining'inia springi haichomoki mahali pake.
7. Kulijaribu gari kwanza kwa breki na kona katika mwendo mdogo, ndipo lipelekwe uwanjani.

Ikiwa gari linatumika zaidi barabarani, springi ngumu kidogo ndiyo salama, na sehemu ya sekunde inayopotea hutafutwa kwenye tairi na shokapu.

## Usalama

Kukata koili ni njia rahisi ya kushusha gari, lakini springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi. Ile ya koili 7 na 41 N/mm ikipunguzwa koili moja hufika takriban 48 N/mm. Mshindani anayekata springi ili apate ulaini hupata kinyume chake. Kuipasha springi joto kwa moto wa gesi ili ijishushe ni hatari zaidi, kwa kuwa joto huharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi huweza kulala au kuvunjika gari likiwa njiani.

Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Springi za mfano uliotolewa juu hubeba kani sawa na uzito wa zaidi ya kilo 600 gari likiwa limesimama tu. Haifai kuzifungua bila kifaa maalumu cha kubana springi, bila stendi imara chini ya fremu, au kwa kutegemea jeki peke yake. Mtu asiye na vifaa hivyo anashauriwa kumwachia fundi mwenye navyo.

## Tazama pia

* Kanuni ya Hooke
* Kitovu cha uzito
* Breki
* Ekseli